Mzigo wa Kilo 25

Magunia tuliyapima kwa mizani ya muuza viazi pale soko la Kariokor, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hajafungua biashara yake. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti 2014, na baridi ile ya Nairobi inayoingia mpaka kwenye magoti. Manyunyu yalikuwa yameshaanza. Tulikuwa watu watano na magunia 18 ya mchanga, na kila gunia lilipaswa kuwa kilo 25. Likizidi tulipunguza kwa kopo, likipungua tuliongeza. Muuza viazi alitutazama kwa muda, kisha akauliza mchanga huo unakwenda kujenga nini. Nikamwambia ni wa mchezo wa kuigiza. Akaangaza macho huku na huku, akauliza wachezaji wako wapi.

Mchezo wetu haukuwa na wachezaji. Tamasha lenyewe lilikuwa la sanaa za mtaa, siku mbili, huko Pumwani. Jukwaa kubwa lilikuwa la sarakasi, ngoma, na vikundi vinavyoigiza vitabu vya shule. Sisi hatukuwa kikundi kilichosajiliwa, wala hatukuwa na mfadhili. Nauli na magunia tulilipia mifukoni mwetu. Waandaaji walitupa saa mbili asubuhi, wakati ambao hakuna aliyeutaka, wakasema tufanyie popote mradi tusiguse jukwaa. Tulitoka kwenye kile kikao tukikumbatiana. Miezi mitatu tulikuwa tukimtafuta mtu wa kutuambia neno hilo: popote.

Ukipita Barabara ya Kenyatta katikati ya mji utaona sanamu tatu za shaba juu ya jiwe, askari wawili na mpagazi mmoja. Zimesimama hapo tangu 1928. Maandishi yaliyo chini yake yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nimesimama mbele ya jiwe hilo mara nyingi, tangu nikiwa mwanafunzi. Hakuna jina hata moja juu yake.

Vita Kuu ilipofika huku kwetu mwaka 1914, mbung'o waliua farasi na maksai, na barabara za magari zilikuwa chache mno. Risasi, mahema, dawa na chakula cha jeshi vikabebwa na watu. Waingereza wakaunda kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, jina ambalo ndimi za wenyeji zililigeuza kuwa Kariokor, na Dar es Salaam likawa Kariakoo. Soko tulilokuwa tukipimia magunia limesimama mahali palipokuwa kambi yao. Mwaka 1917 machifu waliamriwa kutoa wanaume kwa nguvu, wilaya baada ya wilaya. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama pauni 50 au 60. Wengi waliokufa hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, na unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukaivishwa nusunusu, uliwamaliza matumbo watu ambao kwao hawakuzoea kula mahindi. Mapigano ya Ulaya yalisimama tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu Wajerumani waliweka silaha chini wiki mbili baadaye, na muda wote huo mizigo ilikuwa bado vichwani.

Hayo yote tungeweza kuyasema jukwaani. Nilikuwa nimeandika hata hotuba ya mpagazi, kurasa nne, na nilikuwa nikiipenda. Mwelekezi wetu, kaka aliyetuzidi umri sote, aliisoma hadi mwisho, akanirudishia, akasema, "Dadangu, maneno ni mazuri. Lakini mtu atayasikiliza akiwa amekaa." Yeye ndiye aliyekuwa akitusimulia habari za Kamirithu, kule Limuru, ambako mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi walijenga ukumbi wao wa wazi, wakaigiza maisha yao kwa Kikuyu, mpaka serikali ikafuta kibali, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Alikuwa akisema kilichowatia hofu wakubwa ni kwamba hakuna aliyejua mtazamaji anaishia wapi na mwigizaji anaanzia wapi. Hotuba yangu niliiweka kando. Iliniuma, lakini alikuwa na haki.

Basi mchezo ukawa hivi. Anayekuja hapewi kiti. Anapewa ngata ya kitambaa, gunia la kilo 25, na kipande cha bati chenye nambari cha kuvaa shingoni, kwa sababu wapagazi nao walivishwa nambari. Vipande hivyo tulikatiwa na fundi wa Kamukunji, kutoka kwenye mabaki ya masanduku, na kingo zake alizipiga tupa moja moja ili zisimkate mtu. Tunatoka Kariokor hadi ukumbi wa mtaa Pumwani kwa barabara ya General Waruinge. Ukiwa mikono mitupu si mbali. Hakuna kuongea njiani. Ukichoka unatua, unapumzika, unajitwika tena. Mwisho wa safari kuna ukuta uliopakwa chokaa na ndoo ya mkaa. Unaandika jina la mtu wa kwenu aliyekwenda Kariokor. Kama hulijui, unachora mstari.

Walikuja watu 16. Sikutegemea hata kumi. Walikuwapo wanafunzi wa chuo, fundi viatu wa pale pale sokoni, kijana wa bodaboda aliyeacha pikipiki yake kwa rafiki, na dada muuguzi aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, viatu vyeupe bado miguuni. Mimi nilibeba la kumi na saba, na mwelekezi wetu la mwisho.

Kilo 25 kichwani si kitu kwa hatua mia za kwanza. Mama zetu wamebeba zaidi ya hizo maisha yao yote. Lakini baadaye shingo inaanza kufanya kazi ambayo hukujua kuwa ni yake. Huwezi kutazama chini, kwa hiyo unakanyaga dimbwi. Huwezi kugeuka kumwangalia anayekuita. Pumzi inakuwa fupi. Nilikuwa nyuma ya dada muuguzi, na nikawa natazama nambari yake ikitoka jasho na manyunyu, ikigonga gonga mgongoni maana kamba ilikuwa imezunguka. Kumi na moja. Sikumjua jina. Nilitambua kwamba kwa dakika nzima nilikuwa nikimwita hivyo moyoni: Kumi na Moja amechoka, Kumi na Moja anatua.

Hapo ndipo gari la maafisa lilipotupita taratibu, likarudi nyuma.

Ni lazima niseme miezi ile ilikuwaje. Mwezi Aprili Eastleigh na mitaa ya jirani ilikuwa imepekuliwa nyumba kwa nyumba, na maelfu ya watu wakakamatwa. Mwezi Mei mabomu mawili yalilipuka kwenye soko la Gikomba, umbali mfupi tu kutoka pale tulipokuwa, na watu wakafa. Mji mzima ulikuwa ukiogopa mikoba. Na sisi tulikuwa watu 18, kimya, tumebeba magunia yaliyoshonwa. Barua yetu ya ruhusa ilitaja ukumbi, haikutaja barabara. Kosa hilo lilikuwa letu, na nikilikumbuka mpaka leo moyo unanipiga, kwa ajili ya wale waliotuamini wakaja.

Tuliambiwa tutue na tuketi chini kwenye ukingo wa barabara. Mwelekezi wetu aliendea mazungumzo mikono juu, barua kwenye kiganja. Hawakuwa na subira naye. Afisa mmoja alitoa kisu, akapasua gunia la kwanza, mchanga ukamwagika kwenye lami. Akapasua la pili. La tatu. Kwenye la nne alisimama akaukanyaga mchanga kwa buti, akautawanya, akiangalia kama kuna kitu ndani. "Huu ni mchanga tu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kama sisi. Walituweka pale karibu saa nzima. Waliandika nambari zetu za vitambulisho. Walipoondoka hawakusema lolote.

Tisa kati ya watu wetu waliondoka. Siwalaumu. Mmoja, mwanafunzi, alikuwa akilia, nikamsindikiza hadi kwenye stendi ya matatu, nikamwomba radhi. Niliporudi nilikuwa nimeshaamua kuwa mchezo umekwisha.

Nikakuta dada muuguzi amepiga magoti kwenye lami. Alikuwa akizoa mchanga kwa mikono miwili na kuurudisha kwenye gunia lililopasuliwa, akiwa amelifunga chini kwa leso yake. Mchanga ulikuwa umelowa, unamganda kwenye viganja, anavikung'uta mdomoni mwa gunia, anazoa tena. Fundi viatu alikuwa ametoa sindano yake kubwa na uzi wa nailoni, anashona gunia lingine pale pale, amelibana kwa magoti kama anavyobana kiatu. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Hakuna aliyekuwa akiongea. Kijana wa bodaboda alikuwa akifagia mchanga wa mwisho kwa kipande cha kadibodi ili hata punje isibaki.

Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi ng'ambo ya barabara alivuka, akauliza ni nini hiki. Fundi viatu alimjibu bila kuinua kichwa: "Ni mizigo ya babu zetu, mama." Yule mama alisimama kidogo. Akamwachia binti yake jiko, akajitwika gunia la mmoja wa walioondoka. Ngata hakuitaka. Baada yake wakaja wapakuzi wawili wa mitumba waliokuwa wakielekea Gikomba, wanaume ambao kilo 25 kwao ni mchezo wa asubuhi, wakabeba mawili mawili. Tulifika ukumbini watu 12, na magunia yote 18 yalifika. Mengine yalibebwa kwa zamu, na lile lililoshonwa vibaya lilikuwa likidondosha mchanga nyuma yetu njia nzima, mstari mwembamba kwenye lami iliyolowa.

Habari ilikuwa imetutangulia. Mlangoni palikuwa na wazee wa mtaa, na mmoja, mwenye kofia ya mkono, aliuliza kama lazima mtu awe amebeba ndipo aandike. Tulikuwa hatujalifikiria swali hilo. Mwelekezi wetu alisema, "Hapana, mzee wangu, karibu." Mzee akachukua mkaa. Mkono ulikuwa ukimtetemeka. Alipomaliza kuandika jina alisimama akalisoma kwa sauti, jina na la baba yake, kisha akainua viganja akaomba dua, na sisi sote tukasimama tu pale na viganja vyetu vimejaa mchanga. Sitaliandika hapa. Aliliweka ukutani mwenyewe, kwa mkono wake.

Hadi jioni ukuta ulikuwa na majina tisa na mistari 31. Watu waliokuja kwa ajili ya sarakasi walipita, wakasoma, wakaomba mkaa. Mistari ndiyo iliyoniumiza. Mwaka 2021 niliposoma kwamba tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita imekiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, niliiona ile mistari 31 kabla ya kumaliza sentensi.

Mmoja ulikuwa wangu. Kwetu ni Kitui, na nilichowahi kusikia nyumbani ni kwamba babu wa babu yangu alikwenda Kariokor asirudi. Jina sikuwahi kuuliza. Usiku ule nilimpigia baba. Alinyamaza, akasema, "Ngoja nimuulize shangazi yako." Nikakaa kitandani nikisubiri, shingo imekakamaa siwezi kugeuka. Ilikaribia saa tano alipopiga.

"Shangazi anauliza kwa nini unasumbua watu usiku kwa kitu unachokijua," akasema. "Babu yako alipewa jina la nani? La babu yake. Na ndugu yako alipewa jina la nani?"

Nilikaa na simu sikioni. Mdogo wangu alikuwa chumba cha pili, anatazama mpira. Tangu nipate akili nimekuwa nikiliita jina hilo, nikimwambia alete chumvi, azime taa, afungue mlango.

Asubuhi nilirudi Pumwani mapema, kabla ya waandaaji. Ukuta ulikuwa chini ya ukingo wa paa, mvua haikuufikia. Nilitafuta mstari wangu, wa nne kutoka kushoto, nikaandika juu yake herufi kwa herufi. Mkaa ulivunjika mara mbili.