Anwani Iliyokatwa Kichwa

Kwa miezi mitatu hivi niliwadanganya wenzangu kazini. Niliwaambia faili za vipimo lazima zikatwe vipande vya mistari 10,000 kabla ya kupitishwa kwenye programu yangu, "ili kazi iende haraka." Ukweli ni kwamba faili kubwa zilikuwa zinaiua programu, nami sikujua kwa nini.

Programu yenyewe ilikuwa na tabaka mbili. La juu niliandika kwa Python: linafungua faili, linasoma, linachora grafu. La chini, lenye hesabu nzito, niliandika kwa C, nikaliita kupitia ctypes, maktaba inayokuja na Python yenyewe. Huko chini kulikuwa na fanksheni tatu tu. Moja inaomba nafasi kwenye kumbukumbu na kurudisha anwani yake (namba inayoonyesha nafasi hiyo ilipo), ya pili inapokea anwani hiyo na kufanya hesabu, ya tatu inaachilia nafasi. Python haikuhitaji kujua kilichomo. Ilikuwa mtoto aliyetumwa na bahasha: pokea huku, peleka kule.

Nilijaribu vipimo 100, ikaenda. 1,000, ikaenda. 10,000, ikaenda. Kwa 20,000 ikakata roho papo hapo, bila hata yale maelezo marefu ya kosa ambayo Python hupenda kuyamwaga. Niliandika upya fanksheni ya hesabu mara mbili. Nikaishuku kompaila, ile programu inayogeuza C kuwa lugha ya mashine (kila anayeandika C ana siku yake ya kuishuku kompaila, na karibu kila mara kompaila huwa haina hatia). Nilipochoka nikatunga ile hadithi ya vipande.

Aliyenikwamua ni mwenzangu mmoja aliyenizidi umri na uzoefu. Alisikiliza malalamiko yangu yote, kisha akauliza, "Bwana mdogo, hiyo anwani umewahi kuitazama?"

Sikuwahi. Tukaichapisha mara mbili, kabla haijatoka C na baada ya kufika Python. Upande wa C ilisomeka 0x7f3a1c2d4010. Upande wa Python, 0x1c2d4010. Mkia ule ule, kichwa hakuna.

Maktaba ya C ikishakompailiwa haimwambii mtu fanksheni zake zinarudisha aina gani ya data. Usipoieleza ctypes, inachukulia kwamba kinachorudi ni int, yaani namba kamili, na int kwenye mashine yangu ilikuwa na biti 32. Anwani ilikuwa na biti 64. Basi biti 32 za juu zilitupwa, na hakuna aliyepiga kelele, si Python wala C.

Lililonishangaza zaidi ni kwa nini vipimo vichache vilikuwa vinapona. Nilikuwa natumia Linux, na malloc ya pale, fanksheni ya C ya kuomba kumbukumbu, hutoa maombi madogo kutoka eneo ambalo, kwenye mashine ile, lilikuwa na anwani ndogo ndogo. Ukiikata anwani ndogo unakata sifuri, hupotezi kitu. Lakini ombi likifika baiti 131,072 hivi, kwa kawaida hupewa nafasi mbali kabisa, kwenye anwani za 0x7f. Kila kipimo changu kilikuwa double, namba ya desimali ya baiti 8. Gawanya, unapata 16,384. Ile 10,000 niliyokuwa nikiitumia kama mpaka wa usalama ilikuwa chini ya hapo. 20,000 ilikuwa juu. Kumbe programu ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, hata ilipokuwa inatoa majibu sahihi.

Nikaandika restype, yaani aina ya kinachorudi, kuwa c_void_p, aina ya anwani, kwa mbwembwe zote, nikaendesha. Ikafa tena.

Safari hii anwani ilifika Python ikiwa nzima. Ilikatwa wakati wa kurudi. c_void_p ikifika Python hugeuzwa kuwa namba ya kawaida, na namba ya kawaida ukiituma C bila kutaja aina yake, ctypes huifanya int. Nilikuwa nimeziba tundu la kuingilia, nikaacha la kutokea. Nikaketi nikaandika argtypes (aina za vinavyoingia) na restype za fanksheni zote tatu, hata ile ya kuachilia nafasi, ambayo nayo ilikuwa inapokea anwani isiyo na kichwa. Vipimo milioni moja vikapita.

Siku chache baadaye mmoja wa wale niliowadanganya akaniuliza mbona sasa faili hazikatwi tena. Nikamjibu kwamba nimeiongezea programu kasi. Meza ya pili, yule mkubwa akakohoa.