Dola, Dala na Bonde la Joachim

Jana asubuhi, nikiwa nimebanwa kwenye daladala kutoka Mwenge kwenda Posta, konda alizicheza sarafu kiganjani mwake mpaka zikalia, nami nikalikumbuka neno la Kiingereza ambalo nimelipenda kwa muda mrefu: dollar.

Asili yake ni bonde. Mwanzoni mwa karne ya 16, katika mji wa Joachimsthal, ambao leo uko Ucheki na unaitwa Jáchymov, ilichimbwa fedha nyingi, na sarafu kubwa zilizofuliwa huko zikaitwa Joachimsthaler, kisha kwa kifupi thaler. Kwa kuwa "thal" ni bonde kwa Kijerumani, thaler ni kitu "cha bondeni" tu. Waholanzi wakasema daler, Waingereza wakasema dollar, na jina hilo wakalitumia pia kwa sarafu ya fedha ya Wahispania, iliyoenea sana Amerika. Ndiyo maana Marekani, ilipotunga sheria ya sarafu zake mwaka 1792, ililichagua.

Huku kwetu neno hilo lilishuka hadi mtaani. Sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala, na katika miaka ya 1980, nauli ilipokuwa shilingi hizo 5, makonda waliita abiria kwa kupaza sauti "dala, dala!" mpaka gari lenyewe likabeba jina.

Ieleweke tu kwamba dola kwa maana ya serikali si ndugu wa neno hili, kwani hiyo tuliipata kutoka Kiarabu.