Miguu ya mtu wa chukudu

Umeme umekatika tangu saa mbili, simu iko na asilimia 31, wacha niandike hii kitu haraka kabla haijazima, juu inanikaa rohoni tangu juma lililopita na hapa nyumbani hakuna wa kumwambia bila kuchekwa.

Wanaonijua wanajua ile picha. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu hivi, barabara inayoshuka toka Kibumba, mvua ilinyesha usiku, jamaa anakuja na chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, imebeba magunia matano ya makala, yaani makaa, uso unang'aa jasho, nyuma yake Nyiragongo, volkano yetu, imejifungua yote bila wingu, na watu wa Goma mnajua mlima haujifungui hivyo kila siku. Tulikuwa tumeongea jana yake akanikubalia, sikumvizia. Vitesi ya kamera nikaweka 1/500 ya sekunde ili asitoke kama moshi. Nikarudi nyumbani, nikaikata vizuri: uso, mikono kwenye usukani, magunia, mlima. Nikaituma kwa wenzangu wapiga picha. Wakajibu kwa zile alama za moto. Moto, moto, moto. "Papa, umeua!" Nikalala kama mfalme.

Kesho yake alfajiri nakuta sauti ya mzee mmoja wetu, mtu wa maneno machache. "Mudogo wangu, picha iko muzuri sana. Sasa miguu yake umeweka wapi?"

Nilikasirika, siwadanganyi. Nikamwandikia mambo marefu, eti nilitaka jicho liende moja kwa moja usoni, eti chini kulikuwa na matope tu hayana maana, yaani nilijitetea kama niko mbele ya hakimu. Hakubishana. Alituma sauti nyingine ya dakika nne, jogoo wanawika nyuma yake. Kumbe kabla hajagusa kamera alisukuma chukudu miaka, barabara ile ile. Akaanza kunieleza pole pole kwamba mtu wa chukudu hapandi kama baiskeli, goti moja liko juu ya ubao, pale wanapopigilia kandambili kuukuu ili lisichubuke, mguu wa pili ndio unasukuma. Alafu kwenye mteremko hausukumi tena, unarudi nyuma kukanyaga kile kipande cha mpira kilicho juu ya gurudumu la nyuma. Ndiyo breki yenyewe, hakuna nyingine. "Na ile mizigo yote, kama uko unatelemuka, maisha yako iko ku kisigino." Alafu akasema: "Uso wake unaonyesha amechoka. Goma nzima imechoka. Mguu ndio ulikuwa utuambie iko anafanya nini."

Nikafungua kompyuta nikatafuta picha yenyewe kabla sijaikata. Mguu uko pale. Sandali imekatika mkanda mmoja, kisigino kimebana mpira, matope yanaruka kidogo pembeni yakapigwa na jua. Niliukata mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikidhani naisafisha picha.

Nilikaa kimya siku nzima. Miaka mitatu natuma picha na kupokea moto, na sikumbuki hata moto mmoja ulionifundisha kitu. Nikihesabu vitu nilivyojifunza toka kwa watu havifiki vitano, na vyote vilianza kwa kuniuma. Kwa mfano mambo ya mawe. Mji wetu ni jiwe jeusi, kuta, barabara, viwanja, yote ni lava, sasa kamera haijui kama jiwe ni jeusi, yenyewe inadhani kila kitu duniani kinapaswa kuwa kijivu, kwa hiyo ukiielekeza kwenye mawe inaongeza mwanga mpaka mawe yanakuwa kama majivu na mbingu inaungua nyeupe kabisa. Nilikuwa nalaumu lenzi. Nikapanga hata kununua nyingine! Mwenzangu mmoja aliangalia picha zangu kumi akasema tu, "Shusha mwanga hatua moja, lava ibaki lava." Nikaokoa pesa zangu.

Ukweli ni kwamba wengine wanakosoa kwa kanuni peke yake, kila picha wanaigawanya mafungu matatu kama keki ya ndoa, mtu akikaa katikati basi ni kosa. Hao nilikuwa nawacheka. Alafu nikakumbuka ya yule binti.

Ni msichana mdogo, anapiga na simu iliyopasuka kioo, ndiyo kwanza anaanza. Miezi miwili nyuma alinitumia picha ya bibi yake uani, amekaa kwenye kigoda mbele ya ukuta wa mawe, amezungukwa na mabido ya njano, yale madumu ya maji. Nikamjibu kama profesa. Picha imelala upande. Mabido ni mengi, njano inakula uso wa bibi. Mtafutie ukuta mtupu. Fungua lenzi ili nyuma ipotee, eti, mtu mwenye simu! Akaniandikia "Sawa yaya, asante," yaya kwetu ni kaka mkubwa. Hakutuma tena.

Baada ya ile sauti ya mzee nilimtafuta. Nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza siku ile ile, yale mabido yalikuwa ya nini. Akasema bibi anauza maji. Robineti za mtaa wao zinakaa hata wiki bila tone, vijana wanachota ziwani na kumletea, na kila jioni kabla ya kuingia ndani bibi anayapanga yote na kuyahesabu, mara mbili, kwa fimbo, moja likipotea hakuna anayelala. Ile ndiyo saa aliyompiga. Nami nikamwambia ayatoe.

Picha alishaifuta. "Si ulisema ni mbaya, na simu ilikuwa imejaa." Sikuwa nimesema ni mbaya, nilitaka kumwambia hivyo, alafu nikaacha, juu yeye ndivyo alivyosikia.

Nilichimba kwenye simu yangu usiku mzima na kati ya picha za harusi za watu na video za wachungaji nikaipata, ile nakala ya WhatsApp iliyominywa, ndogo, ukiikuza inakuwa vidoadoa. Nikamrudishia. Nikamwomba msamaha pia, maneno yakawa mengi tena, ndiyo tabia yangu.

Akakaa kama dakika kumi. Alafu: "Kumbe bado iko na wewe." Alafu: "Lakini yaya, ni kweli imelala kidogo, eh?"

Imelala kweli. Nikamwambia ndiyo, imelala, inyooshe kidogo tu lakini usikate kitu. Nikaikuza tena nikahesabu mabido, nikamwandikia, nayaona 11.

"Iko 12," akajibu. "Moja iko nyuma ya kikwembe ya bibi. Angalia vizuri."

Simu imebaki na asilimia 9. Bado naangalia.