Waziri na Mpishi wa Ghorofani

Wezi walimchukua Waziri usiku wa kuamkia Jumapili, Septemba 2018. Walikata kamba kwa kisu, wakatuachia kipande kilichoning'inia kwenye nguzo ya ua. Mama hakukifungua kipande hicho hadi mwaka mpya.

Waziri alikuwa punda wa mama. Jina alilipata kwa sababu, kwa maneno ya mama mwenyewe, alikula sana na hakufanya kazi mpaka apigiwe kelele, na huo ni utani ambao majirani zetu wa mtaa wa Rhonda, Nakuru, hawakuuchoka. Lakini ndiye aliyelipa karo yangu. Mifereji ya mtaa wetu ilikuwa ikikaa siku nyingi bila tone, basi kila alfajiri Waziri alivuta mkokoteni wenye mitungi ishirini ya maji, kila mmoja lita 20, akisimama mlango hadi mlango bila kuelekezwa. Mteja akihama, Waziri aliendelea kusimama mlangoni pake wiki nzima.

Miaka hiyo punda walikuwa wanaisha Nakuru. Vichinjio vya punda vilikuwa vimepewa leseni, kimoja Naivasha, kingine upande wa Mogotio, na ngozi zilikuwa zikipelekwa China kuchemshwa zitoe gundi wanayoiita ejiao, wanayoiamini kuwa dawa ya kuongeza damu. Punda akawa na bei, na chenye bei kina mwizi. Serikali ilikuja kupiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020. Waziri alienda wapi, hatukujua. Mama hakuhitaji kujua. Kwake hilo lilikuwa jambo la Wachina, basi.

Na mimi, mwanawe, nilikuwa nakula kwa Wachina karibu kila Ijumaa.

Nilikuwa nauza katika duka la vifaa vya umeme, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue. Ghorofani kwetu palikuwa na hoteli ya Mchina. Usifikirie zile za Nairobi zenye taa nyekundu na samaki wa mapambo. Hapa palikuwa na meza sita zenye vitambaa vya plastiki, kalenda ukutani, na weita mmoja, msichana wa Njoro aliyejua kila mteja anadaiwa ngapi. Sahani ya wali na mboga mbili ilikuwa shilingi 250, na wali ukiisha unaongezewa bure. Nikasema moyoni, mahali pa kuongezewa wali bure hapana adui.

Wiki ya kabla ya Krismasi mama alikuja mjini. Nilikuwa na shilingi elfu moja mfukoni, na elfu moja ile ghorofani ingetushibisha wawili na chenji ikabaki. Nikamwambia twende tukale hapo juu, sikusema ni kwa nani. Alipanda ngazi akiushika ukuta, akafika mlangoni, akaiona kalenda.

"Baba," aliniambia. Huniita Baba kwa kuwa nina jina la baba yake. "Umenileta wapi?"

Aliketi kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma, si kwa sababu nyingine. Mkoba aliuweka mapajani kama mtu aliye kwenye matatu. Niliagiza haraka kabla hajasimama: nyama ya ng'ombe na hoho, kebeji, mayai na nyanya. Weita alipoweka lile bakuli la mayai, mama alilitazama, akanitazama.

"Nimetoka Rhonda kuja kula mayai na nyanya?"

Lakini ndicho chakula chao cha nyumbani kabisa, kile ambacho mtoto wa Kichina hujifunza kupika kwanza, na tofauti na chetu ni sukari kidogo tu na mchuzi mwingi. Sikupata nafasi ya kumweleza. Alikuwa amemgeukia weita.

"Niitie mpishi."

Nilitamani sakafu inimeze. Mpishi alitoka akijifuta mikono kwenye aproni, mtu mfupi wa miaka hamsini hivi, Kiswahili chake cha kuokota sokoni.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Nyinyi mnakula punda?"

Meza ya pili waliacha kutafuna. Nilijua atakachosema, kwa sababu mimi ningesema hivyo hivyo: hapana mama, uongo huo, watu wanatusingizia.

"Kwetu, ndiyo," alisema. "Hapa, hapana. Hapa kuku, ng'ombe, mayai."

Kisha, Mungu wangu, akatoa simu. Alitoka mkoa wa Hebei, kaskazini, na alimwonyesha mama picha ya mkate bapa uliopasuliwa katikati, umejazwa nyama iliyokatwakatwa. Ndiyo hiyo. Akasema, huku weita akimsaidia maneno, kwamba kwao kuna msemo: mbinguni nyama ya joka, duniani nyama ya punda. Alisema kwa fahari, kama mtu wa Kisumu anayekusimulia samaki. Halafu akaongeza kwamba babu yake alikuwa na punda wa kuzungusha jiwe la kusagia, na huyo hakuliwa. Alikufa kwa uzee, wakamzika.

Mama alikaa kimya. Mkoba ukashuka kutoka mapajani hadi kitini.

"Huyu angenikatalia ningeondoka," aliniambia kwa Kikuyu. Kisha kwa Kiswahili, kwa mpishi: "Punda wangu anaitwa Waziri. Anabeba mitungi ishirini."

Anaitwa. Anabeba. Sikumsahihisha.

Alikula. Nyama aliipitia kipande kwa kipande kwanza, lakini kebeji aliimaliza peke yake, ile iliyochanwa kwa mkono badala ya kisu, ikatiwa siki na pilipili kavu. Baadaye akaomba aone jikoni. Alisimama mlangoni akitazama karai lenye mshikio na moto unaonguruma chini yake, mboga ikirushwa mara tatu, nne, imeiva. Mama amepikia makaa maisha yake yote. Kilichomshangaza si ladha, ni ule muda. "Hata gorogoro ya makaa haijashika moto," alisema, "na huyu ameshapakua."

Tulilipa 700. Tulipokuwa tunashuka ngazi, mpishi alituita, akakimbia na mfuko wa plastiki. Ulikuwa umejaa majani ya nje ya kebeji, maganda ya karoti na majani yake.

"Ya Waziri," alisema.

Nilifungua mdomo. Mama alinikanyaga mguu, akaupokea mfuko kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu. Atafurahi."

Tulitembea hadi karibu na soko la Wakulima bila kuzungumza. Kulikuwa na mkokoteni wa viazi umeegeshwa, mwenyewe akibishania bei, na punda wake amesimama juani, kamba shingoni. Mama aliweka mfuko chini, akaufungua, akaanza kumlisha jani moja moja. Mwenye punda aligeuka kutaka kuuliza kitu, akamwangalia mama, akarudia bei zake.