Ile video ya mama wa miaka 76 kwenye barafu: majibu kwa watu wa nyumbani Bukavu

Tangu nifike Bukavu kwa vakanse, kila nyumba ninayoingia swali ni lile lile: yule mama mzee anayeshuka ngazi na kuingia kwenye shimo la barafu, ni kweli au ni mambo ya kompyuta? Ni kweli. Ni jirani yangu kule Tampere, Ufini, tunakaa jengo moja, ana miaka 76, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na majira ya baridi anaingia mle karibu kila wiki. Video niliipiga kwa ruhusa yake nikaituma kwenye grupu ya familia, na kumbe kutoka grupu ya familia imetembea mpaka Kadutu, mpaka Panzi, mpaka kwenye simu za watu nisiowajua.

Sasa naandika kwa urefu kwa sababu ya mjomba wangu wa Bagira. Ana miaka 71, ana tansio, yaani shinikizo la damu, anameza dawa kila siku, na tangu aone ile video anaamka saa kumi na moja alfajiri, anatoka uani na kujimwagia beseni la maji ya pipa yaliyolala nje usiku kucha, anaanzia kichwani. Na ninyi mnajua baridi ya Bagira ile saa. Nilimkuta mwenyewe, midomo inatetemeka, anacheka, ananiambia "mujomba yangu, njoo ujaribu, damu inatembea muzuri!" Anaamini kwamba baridi inashusha tansio na kwamba ndiyo siri ya wazungu kufika miaka tisini. Mzee huyu ndiye alinilipia minervali, pesa ya shule, miaka ile baba hakuwa na kazi, siwezi kumwangalia tu na kunyamaza.

Tampere iko katikati ya maziwa mawili makubwa, Näsijärvi upande wa kaskazini na Pyhäjärvi upande wa kusini. Januari yanaganda, watu wanatembea juu yake na mbwa wao. Kuna sehemu inaitwa Rauhaniemi, ufukwe wa wote wenye sauna, kile chumba cha joto kali cha kukaa na kutoa jasho, unalipa kidogo unaingia, na pale barafu imekatwa shimo lenye ngazi ya chuma na vishikio pande zote mbili. Mahali kama hapo wanaweka pampu ya kusukuma maji yasigande tena. Hewa inaweza kufika digrii 20 chini ya sifuri lakini maji ya pale juu yako karibu na sifuri, hayawezi kushuka zaidi bila kuwa barafu. Na sauna kwa wale watu si anasa ya matajiri, nchi ina watu kama milioni 5 na nusu na sauna zaidi ya milioni 3, mwaka 2020 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Kitu ambacho video haionyeshi vizuri ni jinsi yule mama anavyofanya taratibu. Anavaa kofia ya sufu, soksi nene za mpira kama za wapiga mbizi na glavu za aina hiyo hiyo, kwa sababu vidole ndivyo vinavyokufa ganzi kwanza. Anageuka, anashuka kinyumenyume huku mikono yote miwili imeshika chuma. Maji yakifika kiunoni anasimama. Anatoa pumzi ndefu kwa mdomo, fuuuu, kama mtu anayepooza chai, tena na tena, mpaka pumzi imtii, ndipo anashuka mpaka mabegani. Kichwa hakiingii majini hata siku moja. Anapiga mikono mara chache, anazunguka, anarudi kwenye ngazi, anatoka mwekundu kabisa kuanzia shingoni mpaka magotini. Hakuna kuruka, hakuna kushindana na mtu. Na daima kuna mwenzake juu ya ngazi anamwangalia, akitoka yeye, mwenzake anaingia, yeye anabaki kuangalia.

Tena hakuanza Januari. Alianza miaka ya nyuma mwezi wa nane, ziwa likiwa bado na joto, akaendelea kila wiki huku maji yakipoa polepole, na hiyo ndiyo namna wenyeji wanayowashauri wageni. Mwili unajifunza. Watafiti wameona kwamba kuingia mara chache tu, dakika chache chache, kunaweza kupunguza ule mshtuko wa kwanza karibu nusu.

Huo mshtuko ndio nataka wazee wangu waelewe. Ukiingia ghafla kwenye baridi kali unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, halafu unahema haraka haraka na huwezi kujizuia, moyo unakimbia, mishipa midogo ya ngozi inajifunga na damu inasukumwa ndani, basi tansio inapanda. Inapanda, jamani, haishuki. Ukali wake uko kwenye nusu dakika ya kwanza, halafu baada ya dakika mbili tatu inatulia. Wengi wanaokufa kwenye maji baridi hawafiki hata kuganda, wanaondoka hapo mwanzoni, kichwa kikiwa chini ya maji wakati ile pumzi inavutwa, au moyo unapogoma. Profesa Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, amelichunguza jambo hili miaka mingi, na mwaka 2012 yeye na mwenzake Mike Shattock walieleza kitu kingine: uso ukizama kwenye baridi huku umebana pumzi, mwili unauamuru moyo upunguze mwendo, na wakati huo huo baridi ya ngozi inauamuru ukimbie, amri zikigongana mapigo yanaweza kuvurugika, hasa kwa moyo ambao tayari una shida. Ndiyo maana ile ya mjomba kujimwagia kichwani na usoni kwanza, kwa ghafla, peke yake, watu wote wamelala, ndiyo inayoniogopesha kuliko yote.

Ukivuka dakika za kwanza kuna hatari nyingine, mikono na miguu inaishiwa nguvu, ndani ya dakika kumi hivi mtu anaweza kushindwa kushika ngazi. Halafu kuna ile ambayo watu hawaijui kabisa: ukishatoka majini mwili unaendelea kupoa ndani kwa muda, mtu anatoka anacheka yuko sawa, baada ya dakika kumi anaanza kutetemeka na kichwa kinazunguka. Jirani yangu akitoka anajikausha haraka, anavaa nguo za juu kwanza, na sauna anaingia baadaye kidogo na kukaa benchi la chini ambako moto ni mdogo, kwa sababu joto kali la ghafla linafungua mishipa, tansio inaanguka, mzee anazimia. Pombe hagusi mpaka arudi nyumbani.

Kwa mzee yote haya yanakuwa makali zaidi. Misuli imepungua, kutetemeka kunakotupa joto kumepungua, na baridi yenyewe anaisikia kwa kuchelewa. Kuna dawa za tansio na za moyo, zile za jamii ya propranololi na atenololi, zinazuia moyo kuongeza mwendo unapohitajika, kwa hiyo mwili unajibu tofauti. Kuna pia watu ambao wakiogelea kwenye baridi mapafu yanajaa maji kutoka ndani ya mwili wenyewe, wanakohoa, pumzi inakata, na wenye tansio na wenye umri mkubwa wamo kwenye kundi la hatari. Jirani yangu alimwona daktari kabla ya kuanza, akapimwa moyo.

Faida zipo? Mimi naamini zipo, nimeziona usoni kwa watu, wanatoka pale macho yanawaka. Kuna utafiti wa Ucheki wa mwaka 2000, waliwakalisha watu saa nzima kwenye maji ya digrii 14, homoni inayoitwa noradrenalini ikapanda kwa asilimia 530 na dopamini asilimia 250, na hizo zinaamsha mwili na furaha. Lakini waliopimwa walikuwa vijana wanaume wenye afya. Mtu asichukue namba hizo akampelekea mama mwenye miaka sabini kama dawa.

Mama mkubwa aliponisikiliza mpaka hapo aliuliza kitu ambacho hakuna mwingine aliuliza. "Sasa bule bamama, njo banakutanaka kila posho? Bote bazee?" Nikamwambia ndiyo mama, kila wiki, wengine wajane, wengine wanatembea na fimbo mpaka mlangoni, wanakaa saunani wanaongea mambo ya wajukuu na ya magoti. Akanyamaza kidogo, akasema yeye tangu apate wajukuu hakuna mtu aliyewahi kumwambia twende ziwani. Alikuwa anabeba mizigo Beach Muhanzi miaka mingi, mgongo umeisha, na ziwa analiona kila siku kutoka mlangoni.

Hapo ndipo nimekwama tangu siku ile, kwa sababu sisi tuna ziwa Kivu! Maji ya juu yana digrii kama 23 mpaka 25 mwaka mzima, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na hayajui barafu, mamba hakuna. Mgongo kama wa mama mkubwa ndani ya maji unapumzika, maji yanabeba uzito, magoti hayalalamiki, na huo ni msaada wa maji yenyewe, baridi haihitajiki. Wazee wetu wanakaa kwenye kiti tu kutwa nzima eti heshima, mwanamke mwenye wajukuu akionekana majini watu watasema nini. Mimi naona waseme tu.

Ila na Kivu ina mambo yake. Msiingie karibu na pale mto Kawa unapomwaga uchafu wa mji, wala upande unakotokea mto Ruzizi ambako chupa za plastiki zinajaa mpaka zinasumbua mitambo ya umeme. Mchana upepo ukianza mawimbi yanakuja haraka, asubuhi jua likishatoka ndiyo saa nzuri. Na ndugu zetu wa Goma wawe makini na mazuku, ile gesi nzito isiyoonekana inayokaa kwenye mabonde ya ufukweni upande wa Kyeshero, Bulengo na Lac Vert, inaua watu na mifugo, na alfajiri kabla ya upepo na jua ndiyo inakuwa nyingi. Kule kuamka saa kumi na moja kwenda ziwani ni hatari kabisa.

Na mjomba tumekubaliana. Beseni la alfajiri ameacha, anaoga saa nne maji yamepata jua, kichwa mwisho, na Jumatatu binti yake ambaye ni muuguzi anampeleka kupima tansio kituo cha afya. Mama mkubwa yeye ameshatoa kitenge cha zamani cha kuingilia majini, tunaenda Jumamosi upande wa Nguba kama ziwa limetulia, maji mwisho kifuani, muuguzi wetu atakuwepo, na wamama wengine watatu wa mtaa wameomba kuja. Wote nimewaambia waniletee karatasi za dawa wanazomeza, tuzione kwanza na muuguzi kabla mtu hajalowesha mguu.