Kamera inayotii kiganja: hatimaye inaniona nikiwa mita 3

Jana jioni kamera ilinipiga picha 12 kwa amri ya kiganja changu, na katika zote 12 mkono ulioinuliwa kutoa amri hauonekani. Ninaandika furaha ikiwa bado mbichi, kwa sababu kwa wiki tano mradi huu ulikuwa umekwama mahali pamoja.

Lengo halijabadilika. Ninataka kujipiga picha nikiwa nimevaa doti za kanga alizoniachia bibi, mikono yote miwili ikiwa huru kushika kanga, jambo lisilowezekana nikiwa na rimoti mkononi. Na kipima muda cha sekunde 10 hunilazimisha kurudi kwenye tripodi kila baada ya picha. Vifaa navyo ni vilevile: kamera ndogo ya USB inanitazama, MediaPipe, programu ya kutambua mikono katika picha, inautafuta mkono wangu ikiwa ndani ya Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, kisha gphoto2, programu ya kuendesha kamera kutoka kwenye kompyuta, inaiamuru kamera kubwa ipige.

Kilichonishinda ni umbali. Nikiwa mita 1 kila kidole kilitambuliwa. Nikirudi nyuma hadi mita 3, ambako ndiko mwili mzima unaenea katika picha, mkono ulipotea kabisa. Niliongeza taa, nikafuta lenzi, nikabadilisha rangi ya pazia. Nilishusha kiwango cha uhakika ambacho programu inadai kabla ya kukubali kuwa imeona kiganja, kutoka 0.5 hadi 0.3, na hapo hali ikawa mbaya zaidi, kwa kuwa ilianza kuona viganja katika korosho za kanga yenyewe na kupiga picha nikiwa bado napanga kiti. Usiku ule nilizima kila kitu nikalala na hasira.

Jibu lilikuwa katika hesabu ndogo. MediaPipe hufanya kazi kwa hatua mbili: kwanza hutafuta kiganja katika picha nzima iliyopunguzwa hadi pikseli 192 kwa 192, na ikikipata ndipo huweka nukta 21 juu ya mkono. Kwa umbali wa mita 3, kamera yangu ndogo inaona upana wa karibu mita 3. Kiganja changu kina upana wa sentimita 8, kwa hiyo katika picha ile iliyopunguzwa kilibaki na pikseli 5 tu, na hakuna taa ambayo ingeweza kuzifanya pikseli 5 zifanane na mkono wa mtu. Sasa natafuta uso kwanza, kwa OpenCV (maktaba ya msimbo wa kuchambua picha), kisha katika fremu ya 1280 kwa 720 nakata mraba wa pikseli 430 kuuzunguka uso huo, na mraba huo peke yake ndio unaopelekwa MediaPipe. Kiganja kilekile kinapata pikseli 15, nacho kinaonekana kila mara. Uso natafuta mara moja tu kwa sekunde, kwa kuwa sihami niliposimama.

Wapo wanaoshauri kukusanya maelfu ya picha na kufundisha modeli mpya ya ishara. Mimi sioni haja. Ncha ya kidole cha shahada, nukta ya 8, ikiwa mbali na kifundo cha mkono kuliko kiungo cha kati, nukta ya 6, kidole kimenyooka. Kanuni hiyo haijali mkono umeinama upande gani, na inapokosea naweza kuona imekosea wapi. Ninapendelea pia waya wa USB kuliko Wi-Fi, mradi huduma ya kompyuta inayoifungua kamera kama diski izimwe kwanza, la sivyo gphoto2 hunyimwa kifaa.

Amri yenyewe nimeibadilisha. Kiganja kikionekana wazi katika fremu 15 mfululizo, programu husubiri kitoke ndani ya mraba, na hapo ndipo huanza kuhesabu sekunde 4, ambazo zinanitosha kushusha mkono na kushika kanga.

Hatua iliyokuwa ifuate ni kubadilisha ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, kwa kuhesabu vidole, lakini nimeiweka kando. Katika picha ya 7 upepo wa dirishani ulinyanyua kanga, na jina lake likanyooka, likasomeka herufi kwa herufi juu ya pindo la chini. Katika nyingine 11 limemezwa na mikunjo. Leo asubuhi nimeanza kuandika msimbo unaopima mistari ya pindo, ili kamera isubiri hadi jina linyooke ndipo ipige.