Bibi na daftari lake

Jumapili nilipewa zamu ya kuhubiri mtaani kwetu. Mimi si mchungaji, ni mzee wa kanisa tu. Mwinjilisti alikuwa msibani. Somo langu lilitoka Matendo 17, habari za watu wa Beroya. Walilipokea neno la Paulo na Sila kwa moyo, lakini kila siku wakayachunguza Maandiko waone kama ndivyo yalivyo.

Benchi la tatu alikaa bibi mmoja na daftari la shule. Kila nilipotaja mstari alifungua Biblia yake iliyochakaa, akafuatisha kwa kidole, ndipo akaandika. Nikajikuta napunguza kasi. Yale maneno niliyoyapanga ili watu waitikie "Amina" kwa nguvu niliyaruka. Kwa kweli yalikuwa ya kunipamba mimi.

Baada ya ibada, watu wakisubiri mnada wa mazao, akanifuata.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umesema Paulo alitoka Filipi moja kwa moja hadi Beroya. Mbona hapa naona alipita Thesalonike?"

Nikafungua pale pale. Mstari wa 1. Ndivyo ulivyo. Nikamshukuru huku machozi yananilenga, maana nimesikiliza mahubiri tangu shule ya Jumapili na sikumbuki hata mara moja kumfuata mhubiri kumuuliza neno. Nilikuwa nampa mkono, nasema "ubarikiwe", naenda zangu.

Jana nimenunua daftari.